Anakojoa vizuri, mbona figo zimeshindwa?

Msomaji ameniandikia hivi: "Shikamoo daktari. Baba yangu ana miaka 58, na ana kisukari na shinikizo la damu kwa zaidi ya miaka kumi. Wiki iliyopita tumeambiwa figo zake zimebaki asilimia 19, kreatinini ni 310, na tujiandae kwa mashine ya kusafisha damu. Hatuelewi. Anakojoa vizuri, tena mara nyingi, hata usiku anaamka mara tatu. Mgongo haumuumi, isipokuwa magoti, nayo anayanywea vidonge vya maumivu. Miaka miwili iliyopita kreatinini ilikuwa 150, tukaambiwa imepanda kidogo tu. Hata sukari siku hizi imeshuka yenyewe, tukampunguzia insulini tukidhani anapona. Je, vipimo vimekosewa? Akianza mashine, figo zitapumzika zipone? Kwa sasa tunamnywesha maji lita nne kwa siku ili zisafishike. Na mimi ninaweza kumpa figo yangu moja?"

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, maana ndani yake mna karibu kila kitu kinachowachanganya watu kuhusu figo. Sidhani kama vipimo vimekosewa. Kukojoa sana, kuamka usiku, sukari kushuka yenyewe: hayo uliyoyaleta kama ushahidi kwamba baba ni mzima, mimi nayasoma kama ushahidi kwamba vipimo vinasema kweli. Ili nikueleze kwa nini, inabidi kwanza tuingie ndani ya figo yenyewe.

Wengi tumekua tukiambiwa kazi ya figo ni kutengeneza mkojo. Si uongo, ila ni sawa na kusema kazi ya seremala ni kutengeneza maranda. Mkojo ni kile kinachobaki baada ya kazi kufanyika. Kazi yenyewe ni kuitunza damu: iwe na maji kiasi gani, chumvi kiasi gani, tindikali kiasi gani, na taka isizidi.

Figo ni mbili, kila moja ina urefu wa sentimita 10 hadi 12 na uzito wa gramu 150 hivi, zimekaa nyuma ya tumbo pande mbili za uti wa mgongo, zikikingwa kiasi na mbavu za mwisho. Ya kulia kwa kawaida iko chini kidogo kwa sababu ini limeikalia juu. Zote mbili kwa pamoja hazifiki hata asilimia moja ya uzito wa mwili, lakini karibu moja ya tano ya damu yote inayosukumwa na moyo hupitia humo: zaidi ya lita moja kila dakika. Damu hiyo yote haiendi huko kuzilisha figo. Inakwenda kufanyiwa kazi.

Kila figo ina vitengo vidogo vipatavyo milioni moja vinavyoitwa nefroni. Mwanzo wa kila nefroni ni kifundo cha vijishipa vyembamba, glomerula, kilichokaa ndani ya kikombe kidogo. Marcello Malpighi wa Italia aliviona vifundo hivyo kwa hadubini na kuviandika mwaka 1666, lakini ilibidi kungoja hadi 1842 ndipo William Bowman wa Uingereza aonyeshe kwamba kikombe kile ndicho mwanzo wa mrija unaobeba mkojo. Msukumo wa damu hulazimisha maji na vitu vidogo vilivyoyeyuka humo vipenye kuta za kifundo viingie kikombeni: chumvi, sukari, urea (taka itokanayo na protini), kreatinini, vyote kwa pamoja bila ubaguzi. Seli za damu na protini kubwa hubaki upande wa damu, maana matundu hayaziruhusu. Kwa mtu mzima mwenye afya, kinachochujwa hivyo ni kama mililita 125 kwa dakika, yaani lita 180 kwa siku. Maji ya damu yetu, yaani plazima, ni lita tatu tu. Kwa hiyo lita hizo hizo huchujwa na kurudishwa kama mara sitini kutwa.

Hapa ndipo figo inaponishangaza hadi leo. Kama kazi ingekuwa kutoa taka tu, ungetarajia kiungo kinachoitambua kila taka na kuitupa. Figo haifanyi hivyo. Inafanya kama mtu anayesafisha chumba kwa kutoa kila kitu nje, kisha anarudisha ndani kimoja kimoja anachokihitaji. Alichokiacha uani ndiyo taka. Njia hiyo ni ya gharama kubwa, lakini ina faida moja: figo haihitaji kuijua kila sumu kwa jina. Hata kemikali iliyobuniwa jana maabara, mradi ni ndogo na imeyeyuka katika damu, itachujwa, na kwa kuwa hakuna wa kuirudisha, itatoka.

Kazi ya kurudisha hufanywa na mrija. Sehemu yake ya kwanza hurudisha damuni kama theluthi mbili za maji na chumvi, na sukari yote. Sukari ya damu ikipita miligramu 180 hivi kwa desilita, au milimoli 10 kwa lita, warudishaji huzidiwa na sukari inaanza kutoka na mkojo. Ndiyo maana ya kisukari "kutoka kwenye mkojo". Kisha mrija huzama hadi kiini cha figo na kurudi juu, umejikunja kama pini ya nywele. Mkunjo huo una jina la Jakob Henle, Mjerumani aliyeueleza karne ya 19, na kazi yake ni kukifanya kiini cha figo kiwe na chumvi nyingi, hadi mara nne ya ukolezi wa damu. Mwishoni mirija hukusanyika na kupita tena katikati ya chumvi ile. Ubongo ukiona mwili una upungufu wa maji hutoa homoni, kuta za mirija zinafunguka, na maji yanavutwa na chumvi kurudi ndani. Mkojo unatoka mchache, umekolea, rangi ya njano nzito. Ukinywa maji mengi, homoni inanyamaza, kuta zinafungwa, na mkojo unatoka mwingi usio na rangi. Kati ya zile lita 180, lita 178 au zaidi hurudi mwilini.

Sasa tuchukue namba ya baba. Ile 19 mliyoambiwa ni makadirio ya mililita zinazochujwa kwa dakika. Watu huiita asilimia kwa sababu kijana mwenye afya huwa karibu na 100, na kwa mazungumzo ya kawaida haina ubaya. Zidisha 19 kwa dakika 1440 za siku: unapata lita 27. Figo zake bado zinachuja lita 27 kila siku! Mkojo wake wa lita mbili utashindwaje kupatikana humo? Tofauti ni kwamba zamani alitoa kama lita moja katika kila mia iliyochujwa, leo anatoa karibu saba katika kila mia. Wingi wa mkojo unategemea zaidi kile kinachorudishwa kuliko kile kinachochujwa, na ndiyo sababu mtu anaweza kukojoa vizuri mpaka karibu na siku ya mashine, na wengine hata baada ya kuanza.

Na kule kuamka usiku? Kila siku mwili una mzigo wa urea na chumvi wa kutoa. Figo nzima inaweza kuubana mzigo huo katika nusu lita ya mkojo, kwa sababu ya kile kiini chenye chumvi nilichokueleza. Figo iliyochakaa hupoteza uwezo huo mapema. Mkojo wake hauwezi kukolea kupita damu yenyewe, kwa hiyo mzigo ule ule unahitaji lita mbili, na lita hizo hazijui kuwa ni usiku. Tazama mkojo wa kwanza wa asubuhi. Ukiwa mweupe kama wa mchana, umeona kwa macho yako kile ambacho maabara imekwambia kwa namba.

Tuje kwenye kreatinini, maana hapo ndipo familia nyingi hupotezwa njia. Kreatinini ni taka ya misuli. Misuli huizalisha kwa kiwango kile kile karibu kila siku, na figo huitoa. Figo zikipoteza nusu ya uwezo, kreatinini hujikusanya damuni hadi iwe maradufu, kisha inatulia hapo, kwa sababu sasa kila mililita inayochujwa imebeba taka mara mbili na hesabu ya kinachoingia na kinachotoka imelingana upya. Chukua mtu aliyeanza na kreatinini ya mikromoli 80 akiwa na uwezo wa 100. Uwezo ukishuka hadi 50, kreatinini inakuwa 160. Ukishuka hadi 25, inakuwa 320. Ukifika 12 au 13, ni 640. Nusu ya kwanza ya figo, ambayo ndiyo kubwa, imepandisha namba kwa 80 tu. Sehemu ndogo ya mwisho imeipandisha kwa 320. Kwa hiyo kwenye karatasi inaonekana kama mgonjwa "amezidiwa ghafla", kumbe hasara kubwa ilipita zamani, kimya kimya.

Ile 150 ya miaka miwili iliyopita, nikiikokotoa kwa umri wa baba wakati ule, inanipa uwezo wa kama 47. Yaani zaidi ya nusu ilikuwa imekwisha ondoka siku mlipoambiwa imepanda kidogo. Na 310 ya leo inatoa 19, sawa kabisa na mlivyoambiwa. Ndiyo maana mimi simpi mgonjwa kreatinini peke yake. Namwambia na uwezo wa kuchuja, kwa sababu kreatinini ya 110 kwa kijana mwenye misuli inaweza kuwa ya kawaida, na kwa bibi mwembamba wa miaka 80 ni dalili ya ugonjwa.

Suala la sukari naomba ulichukulie kwa uzito. Figo ni mojawapo ya viungo vinavyoivunja insulini na kuiondoa damuni. Zikidhoofika, insulini hukaa mwilini muda mrefu zaidi, na dozi iliyokuwa ikimtosha sasa inamzidi. Sukari inashuka, familia inafurahi. Mara nyingi nasikia furaha hiyo na inaniuma kuivunja. Mlifanya vyema kupunguza insulini, lakini msifanye tena kwa kukisia, maana sukari ikishuka mno usingizini inaua haraka kuliko figo. Kama bado anameza metformini, mwulizeni daktari wake leo na si kesho, kwa sababu uwezo wa kuchuja ukiwa chini ya 30 haitakiwi kutumika. Vidonge vingine vya kisukari pia hujilimbikiza, basi orodha yote ipitiwe upya.

Wanasema dalili ya mvua ni mawingu, lakini figo ni mvua inayonyesha bila mawingu. Nyama ya figo haina mishipa ya kuhisi maumivu; kinachouma ni ngozi yake ya nje ikivutwa, au jiwe likipita kwenye mrija. Magonjwa mawili yanayoongoza kwa kuua figo duniani, kisukari na shinikizo la damu, hayavuti wala hayaumizi. Yanachosha vifundo vya glomerula polepole. Nefroni inapokufa haioti nyingine. Mzigo wake unagawanywa kwa zilizobaki, nazo zinafanya kazi kwa msukumo mkubwa kuliko zilivyoumbiwa, zinavimba, zinapata makovu, zinakufa, na mzigo unahamia kwa wachache zaidi. Ndiyo maana ugonjwa unaweza kuendelea hata pale sukari imetulia. Dalili pekee ya mapema ni protini kuvuja kwenye mkojo, ambayo hutambulika kwa kipimo rahisi cha albumini. Ikizidi sana, mkojo hutoa povu linalokawia kutoweka. Mgonjwa yeyote wa kisukari anastahili kipimo hicho kila mwaka, na ukiniuliza, ni afadhali akose vipimo vingine vyote kuliko hicho.

Figo zikishindwa, kinachoharibika si usafi wa damu tu. Zenyewe hutengeneza homoni, erithropoietini, inayouambia uboho wa mifupa uzalishe seli nyekundu za damu. Ikipungua, mtu anaishiwa damu, anachoka kupanda ngazi, na dawa za madini ya chuma peke yake hazimtoshi. Zenyewe huikamilisha vitamini D ili ifanye kazi; ikikosekana, kalsiamu inashuka, fosfeti inapanda, na tezi zilizo shingoni zinaanza kuichota kalsiamu kutoka mifupani. Zenyewe hutoa renini inayoongoza shinikizo la damu, kwa hiyo shinikizo huharibu figo na figo mbovu hupandisha shinikizo, kila moja ikimchochea mwenzake. Tindikali inayozalishwa na mwili kila siku haitoki, na mtu anaanza kupumua kwa nguvu kufidia. Baadaye huja kichefuchefu, ladha ya chuma mdomoni, ngozi kuwasha, kwikwi isiyokatika, usingizi wa mchana.

Lakini ninachokiogopa zaidi ni potasiamu. Karibu yote iliyo mwilini imo ndani ya seli. Damuni inatakiwa iwe kati ya milimoli 3.5 na 5 hivi kwa lita, na kiasi hicho kidogo ndicho kinachoruhusu moyo kupiga kwa mpangilio. Sehemu kubwa ya potasiamu tunayokula hutolewa na figo. Ikipita 6.5 moyo unaweza kusimama, na huenda mgonjwa asihisi chochote zaidi ya ulegevu wa miguu. Msimkataze baba matunda na mboga zote kwa kuogopa. Kipimo cha damu ndicho kinachosema nani apunguze na kiasi gani. Ila kitu kimoja nakikataza bila kusubiri kipimo: zile chumvi mbadala zinazouzwa kwa wenye shinikizo. Nyingi zimetengenezwa kwa potasiamu. Familia hununua kwa nia njema, na kwa mgonjwa kama wenu ni hatari.

Vidonge vya magoti. Kama ni ibuprofeni, diklofenaki au jamaa zao, aviache. Mshipa unaoleta damu kwenye kifundo cha glomerula hubaki wazi kwa msaada wa kemikali fulani za mwili, na dawa hizi huzizuia kemikali hizo. Mshipa unabana, msukumo unashuka, uchujaji unapungua. Mwenye figo nzima hahisi. Mwenye 19 anaweza kuamka na 9, hasa akiwa anatumia pia dawa ya kuongeza mkojo na ya shinikizo, na zaidi akiwa ameharisha au kutapika. Parasetamoli kwa dozi ya kawaida ni salama zaidi kwake. Na kama kuna dawa za mitishamba anazopewa pembeni, mwambieni daktari bila aibu. Miaka ya 1990 mwanzoni, nchini Ubelgiji, wanawake waliotumia mchanganyiko wa mimea wa kupunguza unene walipata ugonjwa wa figo wa kudumu. Ndani yake mlikuwa na mmea wenye asidi aristolokiki, ambayo huua mirija ya figo na baadaye kuleta saratani ya njia ya mkojo.

Kuna dawa nyingine ambayo watu huikimbia bila sababu. Dawa za shinikizo za jamii ya kaptopirili, enalaprili na losatani hulegeza mshipa wa kutokea kwenye kifundo, hivyo zinapunguza ule msukumo unaozichosha nefroni zilizobaki. Wiki za kwanza kreatinini inaweza kupanda kidogo, na mgonjwa anasema dawa imemharibu figo. Ikipanda isizidi asilimia 30 na potasiamu ikawa salama, kwa kawaida tunaendelea. Ni gharama ya kuzipumzisha. Kundi jipya zaidi, dapagliflozini na empagliflozini, lilibuniwa kwa kisukari likaonekana kupunguza kasi ya kufa kwa figo hata kwa wasio na kisukari. Kwa kawaida huanzishwa uwezo ukiwa 20 au zaidi. Baba yuko mpakani kabisa. Daktari wake anajua zaidi, lakini swali hilo linastahili kuulizwa.

Kuhusu lita nne za maji: acheni. Nawaelewa, kwa sababu mtu akisikia "chujio" anafikiria kulisuuza. Lakini kovu halisuuziki. Kanada walifanya jaribio kwa mamia ya wagonjwa wa figo wakihimizwa kuongeza maji, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 hayakuonyesha kwamba figo zao zilidhoofika polepole zaidi kuliko za wenzao. Figo dhaifu imepoteza uwezo wa pande mbili: haiwezi kukoleza mkojo sana wala kutoa maji mengi ya ziada haraka. Maji yakizidi, sodiamu ya damu inashuka na mtu anachanganyikiwa, au yanajaa miguuni na mapafuni. Anywe kwa kiu, isipokuwa daktari wake amempa kipimo. Kinachomfaa kupunguza ni chumvi, maana chumvi ndiyo inayoleta kiu, uvimbe na shinikizo kwa mpigo mmoja. Na siku akiharisha au kutapika, asivumilie nyumbani. Upungufu wa maji unazimaliza figo zilizobaki haraka vile vile.

Sasa mashine. Dayalisisi, yaani kusafisha damu kwa mashine, iliyomponya mtu kwa mara ya kwanza ilianzia Uholanzi wakati wa vita. Daktari kijana, Willem Kolff, mwaka 1943 alizungusha mirija ya selofani, ile iliyotumika kufungia soseji, kwenye pipa linalozunguka ndani ya beseni la maji yenye chumvi. Damu ikapita ndani ya selofani, taka ikavuja kwenye maji. Wagonjwa wake wa mwanzo karibu wote walikufa. Mwaka 1945 mwanamke wa miaka 67 aliyekuwa amezimia akazinduka, akaishi miaka kadhaa zaidi. Mashine za leo ni nadhifu, lakini kanuni ni ile ile: damu upande mmoja wa utando, maji maalumu upande wa pili.

Unauliza kama figo zitapumzika zipone. Inategemea kilichoziua. Zipo figo zinazosimama ghafla, kwa malaria kali, kuvuja damu kwa mama mzazi, sumu, au njia ya mkojo kuziba kwa tezi dume. Hizo mirija yake imezirai na inaweza kuota upya, na mgonjwa akaachana na mashine baada ya wiki chache. Pengine umewahi kusikia mtu wa namna hiyo, ndiyo maana unauliza. Baba si wa kundi hilo. Namba zake zimeshuka kwa miaka, na nefroni iliyogeuka kovu hairudi. Mashine haizitibu figo. Inashika sehemu ya kazi yake. Saa nne, mara tatu kwa wiki, ni saa 12 kati ya 168, wakati figo hufanya kazi saa zote. Nayo haitengenezi homoni ya damu wala vitamini D, kwa hiyo sindano na vidonge vinaendelea.

Kuambiwa mjiandae si kuambiwa aanze kesho. Jaribio lililofanyika Australia na New Zealand, lililochapishwa mwaka 2010, liligawa wagonjwa kati ya kuanza mapema na kungoja, na waliotangulia hawakuishi zaidi. Kwa hiyo tunaangalia mtu kuliko namba: hamu ya kula, pumzi, uvimbe, potasiamu, akili yake. Wengi huanza uwezo ukiwa kati ya 5 na 10. Mnayo nafasi, itumieni kwa mambo mawili. Kwanza, ulizeni kuhusu fistula, upasuaji mdogo wa kuunganisha mshipa wa ateri na wa vena mkononi ili mshipa unenepe na kustahimili sindano kubwa. Huchukua wiki hadi miezi kukomaa. Asiyejiandaa huishia na mpira wa kupitishia damu shingoni, na mpira huo huleta maambukizi. Kuanzia leo mkono asioandikia usichomwe sindano wala kuwekewa dripu. Akienda kupimwa, atoe mkono mwingine. Pili, ulizeni kama anafaa kwa njia ya tumbo, ambapo maji maalumu ya kama lita mbili huingizwa tumboni na kubadilishwa mara nne hivi kwa siku, akiwa nyumbani. Utando wa tumbo wenyewe hufanya kazi ya chujio. Wapo wanaoipenda kwa sababu haiwafungi kwenye kitanda cha hospitali, ingawa inadai usafi usio na mzaha.

Pumzi ikimkata akilala chali, mapigo ya moyo yakienda ovyo, akichanganyikiwa, akitapika bila kukoma au mkojo ukipungua ghafla, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.

Nimeliacha swali lako la mwisho makusudi. Ndiyo, mtoto anaweza kumpa mzazi figo, na kwa wanaofaa, figo ya kupandikizwa huwapa maisha marefu na huru kuliko mashine. Upandikizaji wa kwanza uliofanikiwa ulifanyika Boston tarehe 23 Desemba 1954, kati ya ndugu pacha wa kufanana. Joseph Murray aliyeuongoza alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1990. Kwa kuwa walikuwa pacha, mwili wa mpokeaji haukuikataa figo. Baba atahitaji dawa za kuuzuia mwili kuikataa, kila siku, maisha yote ya figo hiyo. Wengi hushangaa kusikia kwamba figo za zamani kwa kawaida hazitolewi. Mpya huwekwa chini ya tumbo, upande mmoja, karibu na mishipa mikubwa ya nyonga.

Kwako wewe, figo moja ikitolewa, iliyobaki hukua na kuongeza kazi hadi kufikia kama asilimia 70 ya uwezo wa mwanzo wa zote mbili. Hiyo inatosha kwa maisha ya kawaida, mradi figo hiyo isije ikashambuliwa na kile kile kilichomshambulia baba. Hapo ndipo madaktari watakuuliza maswali ambayo huenda usiyapende. Baba ana kisukari na shinikizo, na watoto wa wazazi kama hao wana nafasi kubwa zaidi ya kuyapata. Kadiri mtoaji alivyo kijana ndivyo tunavyokuwa waangalifu, kwa sababu miaka ya kisukari kujitokeza bado iko mbele yake, na wakati mwingine shangazi au baba mdogo wa miaka 50 asiye na sukari ni mtoaji salama kuliko binti wa miaka 25. Kwa hiyo usiamue peke yako, wala usikubali mtu akusukume. Anza na vipimo vinavyokuhusu bila kujali kama utatoa figo au la: shinikizo, sukari, kreatinini, na albumini kwenye mkojo wako mwenyewe.